Je, Ni Vibaya Kuifanya Kazi Kuwa Ngazi?



Wiki tatu zilizopita, saa nne usiku, mdogo wangu alinitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba. Ni mtoto wa mama mdogo, tumekua nyumba moja. Sasa mtu akikutumia sauti ya dakika saba usiku ule, ujue ama kafiwa ama kakwama. Huyu alikuwa amekwama.

Alimaliza shahada ya uhandisi wa kompyuta mwaka jana. Tangu hapo ametuma maombi ya kazi mpaka ameacha kuhesabu. Kila tangazo linataka uzoefu wa miaka mitatu, na uzoefu, bahati mbaya, hauuzwi dukani. Hatimaye amepata kazi Dar es Salaam, lakini si ya uhandisi. Ni dawati la msaada kwenye kampuni inayohudumia mifumo ya kompyuta ya zahanati na hospitali kadhaa. Unakaa na simu. Muuguzi anapiga, anasema mfumo umegoma. Unamsaidia, unaandika tiketi, unaifunga, simu nyingine inaita. Siku nzima hivyo.

"Kaka," alisema, "mimi hii kazi siitaki. Naitaka ile ya ghorofa ya juu, wanakotengeneza hiyo mifumo yenyewe. Hii ni ngazi tu."

Hapo hakuna shida. Shida ilikuja dakika ya nne. Kwenye usaili walimuuliza anajiona wapi baada ya miaka mitano. Rafiki yake alishamfundisha jibu, naye akalitoa kama lilivyo: kwamba kuwasaidia watumiaji wa kompyuta ndiyo ndoto yake tangu utotoni, na haoni akifanya kitu kingine maishani. Wakampenda! Mkataba wa miaka miwili ukatoka, wakampa mpaka Ijumaa asaini. Mpango wake mwenyewe ulikuwa miezi minane, akishajua njia za mle ndani aruke.

"Wewe Frateri umesoma falsafa. Niambie ukweli, ni dhambi?"

Nikisema niliogopa kujibu haraka, sidanganyi. Mama mdogo aliuza kiwanja chake pekee ili huyu kijana amalize miaka miwili ya mwisho ya chuo. Kila jioni anampigia kumuuliza, "Vipi baba, ile kazi?" Kumwambia mtu wa namna hiyo akatae kazi kwa sababu ya dhamiri si jambo la kutamka ukiwa umekaa kwenye chumba cha parokia, umelipiwa chakula na malazi. Mimi nipo kwenye mwaka wangu wa kichungaji. Ugali wangu hauna usaili.

Nianze na lililo jepesi. Kutaka kupanda si dhambi. Nasema hivi kwa sababu kuna mahubiri fulani, mnayajua, ya kumwambia kijana maskini "ridhika na ulichonacho", na mara nyingi anayesema ameshapanda zamani. Mtakatifu Thomas wa Akwino hafundishi hivyo. Kwake, ukuu wa moyo, yaani moyo wa mtu anayenyoosha mkono kwenye mambo makubwa anayoyaweza, ni fadhila. Kinyume chake, moyo mdogo, ni kilema, na mfano anaoutoa ni yule mtumishi aliyefukia fedha ya bwana wake ardhini kwa woga. Kijana mwenye kipaji cha kutengeneza mifumo, akakifukia chini ya simu miaka thelathini kwa sababu anaogopa kujaribu, huyo naye ana maswali ya kujibu.

Kwa hiyo ngazi si tatizo. Nilichouliza ni kitu kingine: anakanyaga nini anapopanda?

Kuna Mjerumani mmoja ambaye kila aliyepita darasa la maadili anamfahamu, Immanuel Kant. Watu wanamsema vibaya sana. Wanadai alikataza kumtumia mtu yeyote kama njia ya kupata kitu. Angekuwa alisema hivyo tusingeweza hata kupanda daladala, maana dereva na kondakta ni njia yangu ya kufika mjini, na mimi na nauli yangu ni njia yao ya kula jioni. Alichokataza ni kumfanya mtu kuwa njia tu. Hilo neno "tu" ndilo limebeba mzigo wote, na ndilo hilohilo mdogo wangu alilitumia bila kufikiri: ngazi tu.

Aristotle, karne nyingi kabla, aliliona jambo hilo kwa upande mwingine. Katika kitabu cha kwanza cha maadili yake anasema vitu tunavyovitafuta haviko sawa. Vingine tunavitaka kwa ajili ya kitu kingine tu, na mifano yake ni utajiri, filimbi na vyombo kwa jumla. Hakuna anayeitaka filimbi isiyopigwa. Kimoja, furaha kamili, tunakitaka kwa ajili yake chenyewe. Katikati kuna fungu ambalo wanafunzi wengi hulirukaruka: vitu tunavyovitaka kwa ajili yake vyenyewe na vilevile kwa ajili ya kitu kilicho mbele. Heshima, akili, kila fadhila. Tungevitaka hata kama havituletei kitu, na bado vinatupeleka mbele.

Mdogo wangu aliiweka kazi ile kwenye fungu la filimbi. Nilimwambia hivyo. Akacheka, akasema, "Sasa kaka, kumwambia mtu azime printa aiwashe, hiyo inaweza kutakwa kwa ajili yake yenyewe?"

Swali zuri. Kabla sijaeleza nilichomjibu, acha niseme jambo langu ambalo sijivunii.

Mwanzoni mwa mwaka huu wa kichungaji nilipewa ofisi ya parokia siku tatu kwa wiki. Kupokea nia za Misa, kuandika vyeti, kujibu watu. Niliiona kama kizuizi kati yangu na teolojia. Nilikuwa nakaa na kitabu mezani, mtu akiingia nakifunga kwa kidole katikati ya kurasa ili nisipoteze nilipofika. Bibi mmoja alikuja akitaka cheti cha ubatizo cha mjukuu wake. Nikafungua daftari la ubatizo la mwaka alioutaja, jina halipo. Nikamwambia, "Bibi, hayumo, njoo Alhamisi." Alhamisi hayumo. Wiki iliyofuata hayumo. Mara tatu, na kijijini kwao hadi parokiani ni mwendo wa saa nzima na nusu kwa miguu. Siku ya tatu katekista alikuwa mlangoni. Hakuligusa daftari kwanza. Alimuuliza, "Bibi, msimamizi wake wa ubatizo alikuwa nani?" Akataja. Katekista akashuka na kidole kwenye safu ya wasimamizi, akampata mtoto kwa dakika tano. Aliandikwa kwa jina la babu yake, na kwenye daftari la mwaka uliofuata.

Mimi nilikuwa natafuta jina. Katekista alikuwa anamtafuta mtoto. Bibi hakunilaumu hata kidogo, alinishukuru, na hilo ndilo liliniuma zaidi. Kwangu alikuwa kitu cha kupita ili nifike kwenye altare ambako, sijui nilifikiri nini, ningeanza kuwapenda watu.

Sasa nirudi kwenye printa. Nilimkumbusha mdogo wangu kisa alichonisimulia mwenyewe, cha alipokuwa mafunzo kwa vitendo. Printa ya mhasibu ilikuwa inapotea kila baada ya siku chache. Kila fundi aliyeitwa aliizima akaiwasha, akaihangaikia kidogo, ikafanya kazi, akaondoka. Na kweli kuzima na kuwasha kunasaidia mambo mengi: kumbukumbu ya muda inafutika, programu zinaanza upya kutoka hali inayojulikana. Lakini ushahidi nao unafutika. Mara nyingi hujui tena kilichokosea ni nini. Yeye siku ile alikaa na mhasibu, akamuuliza ilianza lini, inatokea saa ngapi, nani mwingine anatumia mtandao ule. Ikaonekana kwamba printa ilikuwa inapewa anwani mpya kwenye mtandao kila inapozimwa muda mrefu, na kompyuta ya mhasibu ikawa inaendelea kuitafuta kwenye anwani ya zamani, ambayo wakati huo ilishapewa simu ya mtu. Akaipa printa anwani ya kudumu. Kwisha. Mhasibu alimletea soda.

"Siku ile," nikamuuliza, "ulikuwa fundi wa msaada au mhandisi?"

Alikaa kimya kidogo. Mimi nadhani alikuwa vyote viwili, na alikuwa mhandisi kwa sababu alimjali mhasibu. Mtu asiyejali hana haja ya kuuliza "kwa nini". Kwake inatosha kwamba simu imekatwa. Uhandisi ule anaoutamani huko juu umejengwa juu ya swali hilohilo. Na kuna jambo ambalo walioko juu hawalioni vizuri, nalo linaonekana kwenye dawati lile: jinsi mfumo unavyomfanya muuguzi wa zamu ya usiku ajione mjinga, kwa sababu tu kitufe cha kuhifadhi kimewekwa karibu na cha kufuta.

Lakini nisipambe. Mdogo wangu aliniambia wazi kwamba mle ndani wanahesabu. Tiketi ngapi kwa siku, dakika ngapi kwa simu. Ukikaa na mhasibu mmoja dakika arobaini kila siku, mwisho wa mwezi unaitwa ofisini. Hapa sikubaliani na wale wanaosema "wewe penda tu, mengine Mungu atajua." Mwajiri naye ana haki. Anakulipa kwa kazi ya watu wengi, na yule wa tano kwenye foleni ya simu ni mtu pia. Kumpa wa kwanza saa nzima ni kumnyang'anya wa tano. Kwa hiyo kupenda kwenye dawati lile mara nyingine kutakuwa dakika nne zilizotumika vizuri. Ila mstari upo, na ni mwembamba: usiandike "limetatuliwa" kwenye jambo ambalo halijatatuliwa. Kufunga tiketi ili namba ipande, huku muuguzi bado anaandika wagonjwa kwenye karatasi, huo ni uongo wenye saini yako, hata kama ofisi nzima inafanya hivyo. Na pale ambapo hesabu zinawalazimisha watu kudanganya, dhambi haiishii kwa kijana aliyeshika simu. Aliyezipanga ana sehemu yake, kubwa.

Ninapolifikiria hili namkumbuka Mtakatifu Yohane Paulo II. Wakati Wajerumani wameikalia Poland, kijana Karol Wojtyła alifanya kazi kwenye machimbo ya mawe, kisha kwenye kiwanda cha kemikali cha Solvay, Kraków. Hakwenda huko kwa ndoto ya utotoni. Kijana asiye na kazi inayotambuliwa angeweza kukamatwa na kupelekwa Ujerumani kufanyishwa kazi kwa nguvu. Ile kazi ilikuwa njia, kabisa, na kuanzia 1942 alikuwa anasoma seminari kwa siri hukuhuku anakwenda kiwandani. Tena alikuwa na sababu nzuri kuliko zangu za kuwaona watu wa pale kama kituo cha kupita. Lakini mwaka 1981, akiwa Papa, aliandika waraka wa Laborem Exercens, na ndani yake hoja kubwa ni kwamba thamani ya kazi haipimwi kwanza kwa aina ya kazi bali kwa yule anayeifanya, kwa kuwa ni mtu. Sidhani angeandika vile kama kule kiwandani alikuwa anaangalia saa tu.

Limebaki lile la usaili, na hapa nilikuwa mkali kidogo.

Thomas wa Akwino ana kisa cha mfanyabiashara wa ngano. Anafika mahali ambapo ngano ni ghali, na anajua kwamba nyuma yake wanakuja wengine na ngano nyingi, bei itashuka. Je, analazimika kuwaambia wanunuzi? Thomas anajibu kwamba kwa haki hafungwi kusema, ingawa angesema, au angepunguza bei, fadhila yake ingekuwa kubwa zaidi. Mahali pengine anasema hivyohivyo kuhusu ukweli kwa ujumla: kuuficha kwa busara inaruhusiwa, kudanganya hapana. Kwa hiyo mdogo wangu hakuwa na deni la kuwafungulia moyo wake wote wale wasaili. Wangemuuliza kama anaweza kazi, angesema anaiweza, basi. Mkataba wenyewe ulikuwa na kifungu kwamba upande wowote unaweza kuuvunja kwa notisi ya mwezi mmoja, kwa hiyo hata kuondoka mapema, kwa notisi, kusingekuwa kuvunja ahadi.

Lakini yeye hakunyamaza. Aliulizwa, akasema uongo, na kwa uongo ule alipendwa kuliko wengine waliokuwa kwenye benchi. Nilimwambia, "Ni dhambi, ndiyo. Si kubwa ya kukukosesha usingizi, lakini ipo, na dawa yake si kuiungama Jumamosi halafu Ijumaa inayotangulia ukasaini. Nenda kamwambie yule mama."

"Kaka, nitaikosa."

"Inawezekana."

Sikuwa na cha kuongeza. Kwa kweli usiku ule nililala vibaya, maana ingekosekana, mama mdogo angenipigia mimi.

Kuna sehemu ya Biblia nilimtumia asubuhi yake, Samweli wa Kwanza sura ya 17. Sote tunaijua kwa ajili ya Goliathi. Daudi alikuwa na kazi ndogo, kuchunga kondoo wa baba yake, na tukitaka tunaweza kuiita ngazi: humohumo alipambana na simba na dubu, na hilo ndilo alilomweleza mfalme Sauli kama uzoefu wake. (Hakuulizwa miaka mitatu.) Ila angalieni aya ya 20, ambayo tunaipita mbio. Baba yake anapomtuma kambini, Daudi anaamka mapema, na kabla ya kuondoka anawaacha kondoo mikononi mwa mlinzi. Anafika kule, kaka yake Eliabu anamvaa kwa hasira na kumuuliza wale kondoo wachache amemwachia nani nyikani. Eliabu ana wivu, na anadhani mtu anayetaka makubwa lazima awe ametelekeza madogo. Amekosea. Kondoo walikuwa na mtu.

Nilimwandikia: swali la Eliabu ni la wivu, lakini ni swali halali. Siku utakayopanda ghorofa ya juu, wale wauguzi watakuwa na nani? Atakayekuja baada yako atakuta nini?

Alhamisi mchana alikwenda. Alimwomba yule mama mkuu wa kitengo dakika tano, akamwambia kwamba lile jibu la ndoto ya utotoni halikuwa kweli, kwamba anataka kuwa mhandisi, na kwamba hata hivyo kazi ataifanya kwa moyo kama bado wanamtaka. Ananiambia jasho lilimtoka kwenye chumba chenye kiyoyozi. Mama akamwangalia, akasema kila kijana anayeketi kwenye kile kiti huwa na ndoto hiyohiyo ya utotoni, sijui ni utoto gani huo. Halafu akamwambia, "Nipe mwaka mmoja kamili. Na ukiondoka usiniachie meza tupu."

Ijumaa akasaini. Jumatatu jioni nikapata ujumbe mwingine wa sauti, wa dakika mbili tu safari hii. Aliyekuwa kwenye kiti kile kabla yake hakuacha hata ukurasa mmoja: hakuna orodha ya hospitali, hakuna namba za watu wa kupigiwa usiku, hakuna maelezo ya mashine ipi inasumbua na kwa nini. Ilimchukua asubuhi nzima kujua tu zahanati ya kwanza iliyopiga iko mtaa gani. Jioni alipita dukani akanunua daftari.

Mimi nami kesho ni zamu yangu ya ofisi. Kuna madaftari manane ya ubatizo ambayo wasimamizi wake hawajaandikwa kwenye orodha yoyote, na katekista amekubali kukaa na mimi baada ya Misa ya asubuhi tuanze na lile la zamani kuliko yote. Mtuombee.